Ukuta wa Badi

Siku Badi alipozikwa Changamwe, mbuzi walilikanyaga kaburi lake kabla ya waliomzika kufika barabarani. Tumu, jirani yake, aliposimuliwa na mumewe, aliapa kuwa jambo lile halitapita hivi hivi.

Badi na mkewe, Mwanasiti, hawakujaliwa watoto. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho mtaani, mbali na njia ya kisimani, na sasa ndani yake alibaki mtu mmoja tu, amekaa eda. Kila asubuhi Tumu alimpelekea debe la maji, akamkuta chini, anasuka ukili wa mkeka.

"Keti kidogo, shoga."

"Nimeacha chungu motoni," Tumu hujibu, akaenda zake.

Mwaka huo wa 1959 manispaa ilileta jambo geni. Ilikuwa na fedha za kuufanyia mtaa kitu kimoja, na ilitaka wenyeji wenyewe waseme kipi: bomba la maji, au ukuta wa kuzunguka makaburi. Jumapili wangesimama pande mbili, na upande wenye watu wengi ndio ungefuatwa.

"Bomba lenyewe watalitia wapi?" Mwanasiti aliuliza.

"Si hapa hapa, ubavuni mwa nyumba yako! Kigingi kimeshapigwa. Hebu fikiri zogo lake toka alfajiri. Madebe, vicheko, matusi, na wewe una msiba."

"Zogo," alisema Mwanasiti. Mikono yake ilisimama kwenye ukili.

Tumu aliyaona machozi yakimlenga, akamshika bega. "Usijali, shoga. Watu tupo."

Akazunguka nyumba hadi nyumba. Wanawake walimsikiliza huku wakijikanda viuno, kwa kuwa kisima kilikuwa bondeni na kilima kilikuwa kikali.

"Mimi nataka bomba, Tumu, wallahi. Shingo yangu imeingia kifuani."

"Na Badi akanyagwe na mbuzi? Mwanasiti hali, halali."

"Haya basi. Kwa ajili ya Mwanasiti."

Jumapili ilipofika, Mwinyihaji, mzee wa mtaa, alichora mstari mchangani kwa bakora. Kioko, mpakuzi wa bandarini, alikuwa wa kwanza kusimama upande wa bomba.

"Jamani," alisema, "walio kule makaburini hawaoni kiu!"

"Astaghfirullah!" alifoka Mwinyihaji. "Huna haya? Pana mjane hapa mtaani."

"Na huyo mjane ameulizwa?"

"Yumo edani, bwana. Ataulizwa vipi mkutanoni?"

Watu waliguna. Kioko akainamisha kichwa. Wanawake waliotoka kisimani walipita mbele yake, madebe yakiwa bado vichwani, wakaenda kusimama upande wa ukuta, mmoja baada ya mwingine.

Tumu alikimbia mpaka nyumba ya mwisho, leso ikimvuka kichwani.

"Tumeshinda, shoga! Badi atalala salama. Mtaa mzima umesimama kwa ajili yako!"

Mwanasiti alimtazama. "Bomba halitatiwa?"

"Halitatiwa! Hutasikia hata debe moja."

Mkeka ulikuwa umekwisha kushonwa. Ulianzia mlangoni, ukapita ukumbini, ukaishia karibu na jiko.

"Mrefu hivi!" Tumu alisema. "Wa hitima ya Badi?"

Mwanasiti alianza kuukunja polepole, kutoka upande wa mlangoni.

"Wa barazani," alisema. "Wa kukalia wateka maji, wakingoja zamu."

Ukuta upo, mweupe, na mbuzi hawaingii. Wanawake huteremkia kisimani kwa njia ya upande wa pili wa mtaa, na tangu eda ilipokwisha, Tumu hana tena debe la kumpelekea Mwanasiti.