Siri ni Yako, Nyumba ni Yangu

"Haki ya Mungu nawaambia, nyumba hii ni ya kweli, mpaka msumari wa mwisho," aliapa Mzee Dadu huku akikunjua ramani mezani.

Ndivyo alivyofungua kila mchezo. Kazi yake ilikuwa kutunga michezo ya kusimulia: wachezaji wanaketi, kila mmoja anajivika mtu wa kubuni, yeye anawasimulia wanachokiona, na dadu zinaamua nani apone, nani aumie.

Leo walikuwa watatu, wote wageni. Mchapishaji alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno: wageni watatu wakicheza hadi mwisho, kitabu kinakwenda mtamboni, hata mmoja akiinuka katikati, akatafute kazi nyingine. Na Mzee Dadu hakuwa na kazi nyingine. Mchezo wake uliovuma ulikuwa mmoja tu, ule aliotunga na mwenzake, Mrefu. Miaka saba sasa alikuwa akitunga peke yake na hakuna kilichoshika moto. Watu wakimuuliza, husema Mrefu yuko ng'ambo, anatafuta maisha.

"Siri ni yako, nyumba ni yangu," aliwaambia. Kanuni ndiyo hiyo. Kila mchezaji abuni siri ya mtu wake na kuikiri; akikosea chochote cha nyumba, msimulizi atamsahihisha.

Mwalimu mstaafu alianza. Mtu wake alikuwa mwizi wa saa. Akafuata fundi cherehani, aliyekuja na suruali iliyofumuka upindo na kushikizwa kwa pini. Mtu wake, alikiri, ana wake wawili wasiojuana, mmoja chini, mmoja ghorofani. Mwalimu aliitazama ile pini, akasema kweli mganga hajigangi. Fundi akajitetea kwamba nguo za watu zinammaliza muda. Hata Mzee Dadu alicheka.

Mama mwenye miwani hakucheka. Tangu aingie alikuwa ametulia kama maji ya mtungini. Zamu ilipomfikia alirusha dadu, wala hakuzitazama.

"Nilimuua rafiki yangu," alisema.

Mwalimu alirudisha kiti nyuma kidogo.

Mama alisimulia polepole, kwa sauti ya mtu anayenunua dawa dukani. Walikuwa wamegombana tangu asubuhi, alisema, na rafiki akakosea kumpa mgongo. Mzee Dadu alishachezesha watu wa kila namna, walevi, wendawazimu, wachungaji, lakini mikono ya mama huyu ilitulia mno. Hakuonekana kubuni, alionekana kukumbuka. Mzee alitamani kuikunja ramani aende zake. Lakini akiikunja, kitabu ndiyo kwaheri.

Basi akamwacha aendelee.

Mama alisema alimpigia kando ya dirisha, lile la upande wa barabara.

"Dirisha linatazama uani," Mzee Dadu akasahihisha.

Sawa, uani. Akamburuta kushuka ngazi, vidato kumi.

"Kumi na viwili."

Mwalimu aliuliza kwa sauti ndogo kama si vizuri wapumzike kwanza, wanyooshe miguu. Fundi cherehani akasogeza kiti chake karibu na mlango.

"Kumi na viwili, ahsante," mama alisema. "Nikamviringisha katika blanketi lake jekundu, halafu nikamfukia—"

"La kijani," alisema Mzee Dadu.

Mwalimu, mtu wa kuhakikisha mambo, akavuta kitabu cha kanuni na kupekua. Dirisha ameliona, alisema, na vidato amevihesabu kwenye mchoro. Hilo blanketi je, liko ukurasa wa ngapi?

Mama akavua miwani.

"Usihangaike, mwalimu, halimo. Nilimfumia kaka yangu Mrefu kwa mkono wangu mwenyewe."

Fundi cherehani akainuka, akageuza ufunguo wa mlango, akatoa pingu.

"Twende ukatuonyeshe alipo, mzee wangu," alisema, na Mzee Dadu akanyoosha mikono yote miwili kabla hajaambiwa.