Jagi la Mistari Miwili

Maandazi ya mke mwenzake yalifika Kasulu yakiwa bado na uvuguvugu. Zuhra alilichukia hata hilo. Kutoka Kibondo ni safari ndefu, lakini Asmahani alijua mpaka kuyafunga yasipoe.

"Ya Asmahani haya," Nurudini alisema kila aliporudi, akiweka mfuko mezani. Ya Zuhra alikula mawili kwa adabu tu, na siku zake za kukaa Kibondo zilizidi kuongezeka.

Wivu ulimzidi Zuhra. Mwishowe alimeza kiburi, akamwambia mumewe amwombee vipimo. Nurudini akaleta karatasi: unga gramu 500, sukari gramu 120, hivyo hivyo mpaka hiliki. Zuhra alisonya. Nani hapa mtaani anapika kwa gramu? Mwanamke yule alikuwa anamringia tu.

Asubuhi aliikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo kavu, akaenda dukani kwa Mwajabu. Mwajabu alikuwa mjane mwenye mzani, na alimpenda Zuhra tangu alipoletwa mtaani kama bibi harusi.

"Mwakeye, dada," alimsalimia kwa Kiha. "Nina vipimo vya maandazi vya gramu, na nyumbani nina jagi tu."

"Lete hilo jagi, mdogo wangu."

Zuhra akalifuata jagi nyumbani, akarudi nalo, akamwaga yote ya moyoni: mke mwenzake, maringo yake, siku za Kibondo. Mwajabu alisikiliza huku akichora kwa kalamu nene mstari mmoja juu ya jagi, mwingine chini. Kisha akapima unga kwenye mzani, akaumimina. Ukaishia palepale kwenye mstari. Sukari nayo vilevile. Hamira na hiliki akamfungia kwenye vikaratasi.

"Usimchukie," alisema bila kuinua macho. "Huenda naye anakuonea wivu."

Jioni Nurudini aliuma andazi moja, akaacha kutafuna.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Nimepika mwenyewe."

Akainuka, eti anawahi msikitini, na adhana ilikuwa bado. Zuhra alicheka peke yake. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alijiona ameshinda, na raha ya kushinda ilimfanya apige simu Kibondo.

"Dada, gramu zako leo nimeziweza. Maandazi yametoka kama yako kabisa."

"Gramu zipi?" Asmahani aliuliza. "Mimi napima kwa kiganja, mdogo wangu. Nurudini ndiye ananisimanga kwa maandazi yako. Na siku hizi hata siku zangu hazimalizi, anasema wewe humwachii."

Zuhra aliweka simu chini. Jagi lilikuwa mezani, na mistari yake miwili. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye pindo la kanga. Karatasi ilikuwa humo bado, ndani ya fundo lilelile alilolifunga asubuhi, kabla ya kwenda dukani. Mwajabu hakuwahi hata kuiona.