Mkasi wa Mzee Mbaruku

Bi Salha, meneja wa kiwanda cha sare za shule, hakuruka hatua hata moja. Alimpa Mzee Mbaruku barua mbili za onyo na miezi mitatu ya kujirekebisha. Hata hivyo mashati yaliendelea kutoka mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Leo alimwita mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi.

"Una la kujitetea, mzee wangu?"

"Sina, mwanangu. Haki umenitendea."

Mzee akatia sahihi karatasi ya kushushwa cheo, kutoka mkataji mkuu hadi fundi wa cherehani. Kisha akauchomoa mkasi kiunoni, akauweka mezani. Ndiye aliyemfundisha Bi Salha, enzi hizo, kwamba mafundi hawapeani mkasi mkono kwa mkono, wasije wakagombana. Bi Salha aliuacha pale pale.

Mwakilishi akatoka bila kuaga. Nje ya kioo cha ofisi mafundi wote waliinamia kazi zao, hakuna aliyeinua uso kumtazama Bi Salha. Mzee Mbaruku alitoka, akakaa kwenye cherehani ya pembeni, akalamba ncha ya uzi, akaulenga kwenye tundu la sindano. Ukapita kando. Akalamba tena, ukapita kando. Mara ya tatu alilitafuta tundu kwa kidole.

Bi Salha akaitazama ile karatasi. Sahihi ilikuwa chini kabisa ya mstari wake. Akazitoa zile barua mbili kwenye faili, akazipanga kando ya mkasi. Sahihi ya mzee kwenye barua ya kwanza ilikuwa imeugusa mstari kidogo. Kwenye ya pili ilikuwa imeukosa.