Mteremko wa Mama

Afisa wa manispaa alichora X nyekundu juu ya mteremko wa saruji, ule ambao Hidaya aliujenga mlangoni ili kiti cha magurudumu cha mama yake kipate kushuka.

"Umeingia kwenye hifadhi ya barabara, dada. Ubomoe."

"Na ukuta wa hoteli ile uliokula nusu ya njia? Rangi imekuishia, au macho?"

"Mimi nimetumwa tu."

Hidaya aliingia ndani, akamsukuma mama yake mpaka kizingitini.

"Haya, nitabomoa. Lakini zahanati anakwenda leo. Mbebe!"

Afisa alirudi nyuma, rangi ikimdondokea viatuni. Mama, aliyekuwa hasikii vizuri, alimwona tu kijana mwenye nguvu, akatabasamu na kumnyooshea mikono yote miwili.