Mume wa Maelezo

Siku hizo kila mjane alipewa siku mbili kwa mwaka za kukaa na marehemu wake, katika kijiji kimoja kimya juu ya milima ya Upare. Marehemu alitengenezwa kwa kufuata maelezo ya mjane mwenyewe, na maelezo yakishaandikwa hayabadilishwi tena.

Nakiete alipofika, mumewe Elieneza alimpokea mlangoni, akamvua koti, akamkalisha mezani. Makande yalikuwa bado yanafuka. Elieneza akafumba macho, akaomba baraka ndefu, yenye unyenyekevu.

Nakiete akabaki akimtazama. Elieneza wake hakuwahi kuombea chakula hata siku moja. Alikuwa akichota kijiko cha kwanza huku akimtania, "Mama Naomi, malizana na Mungu wako upesi, sisi wengine tuna njaa." Lakini siku ya kutoa maelezo mchungaji alikuwa ameketi pembeni, naye Nakiete akaona haya. Akasema mumewe alikuwa mtu wa sala.

"Baba Naomi," alisema kwa sauti ndogo, "hebu nitanie kidogo, kama zamani."

"Nikutanie, mke wangu mpendwa? Mimi sijawahi kukudhihaki."

"Ulikuwa unanidhihaki kila siku ya Mungu!"

"Basi nisamehe. Tuombe."

Akamshika mkono. Kiganja kilikuwa na joto, na sugu zote zilikuwa mahali pake. Nakiete akafumba macho amtafute yule mwingine, aliyecheka mdomo umejaa. Uso ulimjia, ila ulikuwa umeinama, na midomo yake ilikuwa inasali.