Koti la Studio

Studio ya picha ya Mzee Kindamba ilikuwa na koti moja tu jeusi, na nusu ya mji ilipigwa picha ikiwa imelivaa. Siwema lilimpwaya, kwa hiyo mzee akalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo.

"Mama, ficha meno. Chuo cha uuguzi hakitaki picha inayocheka."

"Nimefaulu biolojia, mzee! Na utu uzima wangu huu!"

Picha tatu zikaharibika. Mchana huo chuo kilikuwa kinafunga kupokea maombi.

"Fikiria msiba," akashauri bwana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake ya koti. Siwema akacheka mpaka kibanio kimoja kikafyatuka.

Mzee Kindamba akashusha kamera, akavuta kigoda, akaketi mbele yake. "Haya, mimi mgonjwa wako. Sikulala, kifua kinabana, na wanangu wako mbali." Alianza kwa mzaha, lakini alipofika kwa wanawe sauti ikamkwama. "Utanitazamaje?"

Kicheko kikaisha chenyewe. Siwema akainama kidogo, akamtazama kwa utulivu, kana kwamba chumbani hamna mtu mwingine. Mzee akasahau kamera mkononi.

"Piga basi!" bwana akanong'ona.

Akapiga. Picha ilipotoka, Siwema aliinyakua, akalipa, akashukuru, akatoka mbio.

"Mzee, koti!" bwana akamaka.

Mzee Kindamba hakumwita. Alisimama mlangoni, mkono kifuani, akivitazama vibanio vya rangi rangi vikirukaruka mgongoni mwa Siwema kuelekea chuoni.