Shikamoo ya Kiti Namba Saba

Rubani Mwanaidi aliizunguka ndege kama afanyavyo kila asubuhi. Akagusa matairi kwa kiganja, akachungulia injini, kisha akapanda. Mhudumu wake, Bihawa, akampa orodha ya abiria. Kwenye kiti namba saba palikuwa na jina la baba yake, Mzee Kibwana.

Tangu Mwanaidi aache ualimu akasomee urubani, Mzee Kibwana hakuwahi kuitikia salamu yake. Akimwamkia, mzee hugeuza uso ukutani.

Walipokwisha kuyapita mawingu, alitangaza hali ya hewa na saa ya kufika, kama kawaida. Kisha, badala ya kuzima kipaza sauti, akakisogeza karibu na mdomo.

"Na mzee wangu wa kiti namba saba," akasema, "shikamoo."

Mlango wa chumba cha marubani ulikuwa umefungwa, hakusikia lolote. Simu ya ndani ikalia. Alikuwa Bihawa.

"Kapteni, ndege nzima imeitikia, isipokuwa mwenyewe."

"Hakusema kitu?"

"Amesema uishushe kwanza. Ataitikia akishakanyaga chini."

Rubani msaidizi akaangua kicheko. Mwanaidi hakucheka. Saa ilipofika aliishusha ndege taratibu, magurudumu yakagusa lami kama mtu anayelaza mtoto. Akavua kofia, akaenda kusimama chini ya ngazi. Abiria wengine wakampita mmoja mmoja, wakaisha.

Juu yake, fimbo ya mzee ikagonga kidato cha juu cha ngazi.